Kumtambua Kirukanjia: Mwongozo kwa Waongoza Watalii, Askari wa Doria na Madereva wa Usiku

1. Dhumuni la mwongozo

Mwongozo huu ni kwa watu ambao kazi yao huwakutanisha na ndege wa usiku hata pale wasipowatafuta: waongoza watalii, askari wa doria wa hifadhi na wa vijiji, madereva wa magari ya safari, na wasaidizi wa utafiti wanaotumwa kukagua mazingira kabla ya ujenzi wa barabara, mgodi au mitambo ya umeme wa upepo. Wote huulizwa swali lilelile pindi taa za gari zinapommulika ndege aliyejibanza katikati ya njia, kisha akapaa bila kishindo na kutoweka: yule ni ndege gani?

Kujibu kwamba ni kirukanjia ni sahihi, ila hakutoshi. Tanzania ina spishi kumi au zaidi za virukanjia, na Kenya vivyo hivyo. Baadhi ni wenyeji wa kudumu. Wengine huja msimu tu, wakitoka Ulaya na Asia au wakihama ndani ya Afrika yenyewe. Mgeni aliyelipia safari ya ndege anataka kujua ni yupi. Mtaalamu atakayetumia taarifa zako kuamua barabara ipite wapi anahitaji kujua zaidi ya mgeni.

Kanuni ya msingi ni hii: rangi ya kirukanjia ndiyo inayokupoteza, kwa hiyo iwe ya mwisho kutegemewa. Anza na mahali na msimu, sikiliza sauti, tazama umbo, kisha tafuta alama nyeupe za mabawa na mkia. Hayo yasipotosha, andika waziwazi kwamba spishi haikutambuliwa.

2. Ndege mwenyewe

Virukanjia ni ndege wa familia ya Caprimulgidae. Wengi wa Afrika Mashariki wana urefu wa kati ya sentimita 18 na 28, kutoka ncha ya mdomo hadi ncha ya mkia. Kichwa ni kipana na bapa, na shingo haionekani. Macho ni makubwa na meusi. Mdomo kwa nje ni mdogo sana, lakini kinywa kikifunguka hupanuka hadi chini ya macho, na pembeni mwake huota vinyweleo vigumu. Miguu ni mifupi kiasi kwamba ndege huyu hutembea kwa shida. Ukucha wa kidole cha kati una meno madogo ya kuchania manyoya.

Chakula chake ni wadudu wanaoruka: nondo, mbawakawa, na kumbikumbi wanapotoka baada ya mvua. Huwakamata angani. Anawinda kwa kutumia macho, akitazama juu ili amwone mdudu dhidi ya anga yenye mwanga kidogo. Ndiyo maana shughuli zake hupamba moto magharibi na alfajiri, na huendelea usiku kucha mwezi unapong'aa. Usiku wa giza totoro hupunguza uwindaji na kukaa chini kwa muda mrefu.

Manyoya yake yamechanganya kahawia, kijivu, nyeusi na rangi ya majani makavu, kwa michirizi na madoa yasiyo na mpangilio ambao jicho linaweza kuushika. Ndani ya spishi moja, ndege mmoja anaweza kuwa mwekundu zaidi na mwenzake wa kijivu zaidi, kutegemea eneo na hata ndege mmoja mmoja miongoni mwao. Mwongozaji anayesema "huyu ni mwekundu, basi ni spishi fulani" anajenga juu ya mchanga.

3. Wasichanganywe naye

Kabla ya kutafuta spishi, hakikisha kwamba unayemwona ni kirukanjia.

Bundi hukaa wima, macho yakitazama mbele, na kucha zake ni kali. Kirukanjia hulala bapa, tumbo likigusa ardhi au tawi.

Popo hupiga mabawa mfululizo na hana mkia mrefu wa manyoya. Kirukanjia hupiga mabawa mara chache, kisha huteleza akiwa ameyainua juu kidogo, na mkia wake mrefu huonekana wazi anapogeuka.

Chekeamwezi naye hupenda barabara za vumbi usiku, lakini husimama juu ya miguu mirefu na hukimbia kabla ya kuruka. Ukiona miguu, si kirukanjia.

Kwale aliyeshtushwa huondoka kwa kishindo cha mabawa. Mruko wa kirukanjia hausikiki.

Kipanga mla popo hutoka wakati uleule wa magharibi, lakini ni mkubwa zaidi, mabawa yake yamechongoka, na huruka kwa nguvu katika mstari ulionyooka.

4. Muda na mahali pa kutazama

Karibu na ikweta giza huingia haraka. Baada ya jua kuzama una takriban dakika 20 hadi 25 za mwanga unaotosha kuona umbo la ndege angani, na muda kama huo kabla ya jua kuchomoza. Uwe umeshafika na kutulia kabla ya muda huo kuanza. Anayeegesha gari jua likiwa limeshazama amekosa sehemu bora ya kazi.

Chagua sehemu iliyo wazi inayopakana na vichaka au miti: ukingo wa shamba, njia ya murram, kingo za bwawa, mbuga iliyochomwa moto karibuni, au chini ya mwamba. Simama uso ukielekea upande wenye mwanga uliosalia, yaani magharibi wakati wa jioni na mashariki wakati wa alfajiri, ili ndege akipita uone alama za mkia na mabawa.

Kwa tochi, ishike karibu na usawa wa macho yako. Sehemu ya nyuma ya jicho la kirukanjia hurudisha mwanga ulikotoka, kwa hiyo tochi iliyoshikwa kiunoni haitakuonyesha kitu ambacho tochi ya kichwani ingekionyesha. Mng'ao wa jicho lake ni wa rangi ya chungwa au nyekundu, uko chini ardhini, na hausogei. Komba naye ana macho ya kung'aa, ila yatakuwa juu mtini yakirukaruka. Vimulimuli vidogo vya kijani au bluu vilivyotapakaa majanini mara nyingi ni macho ya buibui.

5. Hatua nne za utambuzi

Hatua ya kwanza: mahali na msimu. Kabla hujainua darubini, jiulize spishi zipi zinaweza kuwapo hapo mwezi huo. Kirukanjia wa milimani hatarajiwi ufukweni Bagamoyo. Kirukanjia wa Ulaya hatarajiwi mwezi Julai. Hatua hii peke yake hupunguza orodha hadi spishi tatu au nne.

Hatua ya pili: sauti. Dume huimba zaidi magharibi, kabla ya mapambazuko, na usiku wa mbalamwezi. Sauti ndicho kitambulisho bora kuliko vyote, maana spishi mbili zinazofanana kama mapacha zinaweza kuwa na nyimbo zisizokaribiana hata kidogo. Rekodi kwa simu hata kama sauti iko mbali. Dakika moja ya rekodi yenye kelele ina thamani kuliko maelezo marefu ya kukumbuka kesho yake.

Hatua ya tatu: umbo na mkao. Je, ameketi ardhini au juu ya tawi? Kama ni tawini, amelala kuufuata urefu wa tawi au amelikata? Mkia ni mrefu kuliko ncha za mabawa yaliyokunjwa, au vimelingana? Manyoya ya kati ya mkia yamezidi mengine, au ncha ya mkia imekatwa sawasawa?

Hatua ya nne: alama nyeupe. Tazama sehemu tatu tu: doa karibu na ncha ya bawa, ukingo wa nyuma wa bawa, na manyoya ya nje ya mkia. Katika kila sehemu jibu ni moja kati ya matatu: nyeupe, rangi ya maziwa yaliyochanganywa na chai, au hakuna. Kwa spishi nyingi, dume ana alama nyeupe na jike ana alama za rangi hiyo iliyofifia, au hana kabisa. Kwa hiyo kukosekana kwa alama nyeupe si lazima kumaanishe spishi nyingine; huenda ni jike.

6. Spishi kwa makundi ya sauti

Majina ya kisayansi yametumika hapa kwa sababu ndiyo yatakayokuunganisha na kitabu chochote cha ndege, cha lugha yoyote.

Kundi la kwanza: wapiga filimbi

Caprimulgus pectoralis huishi katika miombo na misitu mikavu ya kusini mwa Tanzania na ukanda wa pwani. Wimbo wake ni filimbi safi: noti mbili au tatu za taratibu, kisha mfuatano wa haraka unaotetemeka na kushuka. Ana ukosi wa rangi ya kutu kuzunguka shingo, na dume ana ncha nyeupe kwenye manyoya ya nje ya mkia. Utafiti uliofanyika Zimbabwe ulionyesha kwamba ndege huyu hupanga utagaji wake kwa kufuata mwezi, hivyo msimu wa kuzaliana utamsikia zaidi nyakati za mbalamwezi.

Caprimulgus poliocephalus ni wa nyanda za juu: Ngorongoro, Meru, Kilimanjaro, milima ya kati ya Kenya, na hata vitongoji vyenye miti vya Nairobi na Arusha. Filimbi yake ni nyembamba, kali, yenye sehemu mbili, na husafiri mbali katika hewa ya baridi. Dume akipaa, mkia huonyesha weupe mwingi mno, kwa sababu manyoya ya nje karibu yote ni meupe. Wale wa Usambara baadhi ya wataalamu huwahesabu kuwa spishi ya peke yao, kwa hiyo ukiwa huko andika jina la mlima bila kukosa.

Caprimulgus donaldsoni ni mdogo kuliko wote waliotajwa hapa, kama sentimita 18. Anaishi katika nyika kavu ya miiba: kaskazini na mashariki mwa Kenya, Tsavo, na upande wa Mkomazi nchini Tanzania. Filimbi yake ni fupi na hurudiwa tena na tena. Udogo wake, pamoja na ukavu wa mahali, ndio ushahidi wa kwanza.

Kundi la pili: wavumaji

Caprimulgus fossii ni wa pwani na maeneo ya chini, na ndiye anayesikika sana kuanzia mkoa wa Pwani kuelekea kusini. Sauti yake ni mvumo mmoja mrefu usiokatika kwa dakika kadhaa, ambao kasi yake hubadilika ghafla ikipanda au kushuka. Mkia umekatwa sawasawa. Dume ana doa jeupe la bawa, ukingo mweupe nyuma ya bawa, na weupe pembezoni mwa mkia.

Caprimulgus fraenatus naye huvuma, lakini yuko kwenye majani na vichaka vya nyanda za juu za Bonde la Ufa, Kenya na kaskazini mwa Tanzania. Mvumo wake ni wa kasi ileile mwanzo hadi mwisho. Kwa jumla ni mweusi zaidi, na dume ana ncha nyeupe kwenye kona za mkia.

Caprimulgus europaeus, kirukanjia wa Ulaya, huvuma kwao anakozaliana. Huku kwetu hukaa kimya karibu muda wote. Huwapo kuanzia Oktoba au Novemba hadi Aprili. Ni mkubwa, wa kijivu, na mchana hupenda kulala juu ya tawi nene akiufuata urefu wa tawi. Dume ana madoa meupe kwenye manyoya matatu ya nje ya bawa na kwenye kona za mkia. Jike hana weupe wowote.

Caprimulgus inornatus ni mgeni mwingine wa msimu huohuo, anayetoka ukanda mkavu wa kaskazini. Jina lake katika vitabu vingi humtaja kwa kukosa mapambo, na ndivyo alivyo: mgongo usio na michirizi ya kushika macho. Naye akiwa huku husikika mara chache.

Kundi la tatu: wanaorudia silabi moja

Caprimulgus clarus anafanana mno na fossii, lakini yuko zaidi katika nyika na savana za bara: Tsavo, Tarangire, Serengeti. Manyoya ya kati ya mkia wake yamezidi mengine kidogo. Jambo hilo huonekana akiwa ameketi na mkia umefungwa. Akiwa angani si rahisi kuliona. Sauti ndiyo huamua: badala ya mvumo, hutoa silabi moja fupi inayorudiwa harakaharaka, na sikio linaweza kuzitenganisha moja moja.

Caprimulgus natalensis yupo kwenye majani ya mabondeni yenye unyevu na kingo za vinamasi. Huimba akiwa ardhini, silabi kavu inayorudiwa kwa utulivu. Ukiwa na matope kwenye buti na unasikia sauti hiyo, huyu awe wa kwanza kufikiriwa.

Caprimulgus tristigma ni wa miamba. Mtafute kwenye vilima vya mawe vya Serengeti, Dodoma, Iringa na Mwanza, na mara nyingine juu ya mapaa ya majengo yaliyo karibu na mawe. Ni mweusi wenye vidoa vidogo vidogo mwili mzima na hana ukosi wa rangi ya kutu. Sauti yake hufanana na mbwa mdogo anayebweka mbali, silabi mbili mbili. Walinzi wa kambi zilizo chini ya miamba wengi wao wanaijua sauti hii miaka mingi bila kujua ni ya ndege, waulize.

Kundi la nne: wenye sauti ya mdudu

Caprimulgus vexillarius huzaliana katika miombo ya kusini mwa Tanzania na nchi zilizo kusini zaidi, mvua zinapokaribia, kisha huhamia kaskazini mwa ikweta. Wimbo wake ni mlio mwembamba wa juu sana ambao wengi hudhani ni nyenje. Msimu wa kuzaliana dume huwa na unyoya mmoja mrefu mweupe katika kila bawa, mrefu kuliko mwili wenyewe, unaopepea nyuma yake akiruka. Hakuna ndege wa kumchanganya naye. Jike hana unyoya huo wala alama nyeupe popote, na hapo wengi hukosea kwa kumwita kirukanjia wa Ulaya.

Caprimulgus longipennis ni ndugu yake wa kaskazini. Hupatikana Uganda, hasa eneo la Murchison Falls, na kaskazini-magharibi mwa Kenya. Dume wa msimu ana unyoya ambao sehemu kubwa ni kijiti kitupu na mwishoni una bapa kama bendera. Tofauti kati yao ni hiyo: wa kusini ana utepe mrefu mweupe, wa kaskazini ana kijiti chenye bapa jeusi.

7. Barabarani

Virukanjia hukaa barabarani kwa sababu ni mahali peupe panapowapa anga la kutazama wadudu na nafasi ya kuruka bila kizuizi. Taa kali huwafanya waduwae. Dereva afanye yafuatayo:

a) Apunguze mwendo hadi ule unaomwezesha kusimama ndani ya eneo linaloangazwa na taa zake.
b) Akiona mng'ao wa jicho mbele, apunguze taa kubwa na kusimama. Ndege akipata sekunde chache za mwanga hafifu huondoka mwenyewe.
c) Asipige honi wala kumsogelea hatua kwa hatua ili wageni wapate picha.

Ndege aliyekufa barabarani ni taarifa, wala asipuuzwe. Mwaka 1990 watafiti waliokuwa katika Hifadhi ya Nechisar, kusini mwa Ethiopia, walikuta kirukanjia aliyegongwa na gari. Kilichofaa kuhifadhiwa kilikuwa bawa moja. Bawa hilo halikulingana na spishi yoyote iliyojulikana, na mwaka 1995 likatumika kutangaza spishi mpya, Caprimulgus solala. Mfano mwingine uko jirani zaidi: Caprimulgus prigoginei anajulikana kwa jike mmoja aliyepatikana mwaka 1955 katika milima ya Itombwe, mashariki mwa Kongo. Kwa familia hii ya ndege, mzoga mmoja uliopigwa picha vizuri unaweza kuwa na uzito mkubwa kuliko orodha ya mwaka mzima.

Kwa hiyo ukikuta mzoga, egesha gari mahali salama, washa taa za tahadhari, vaa glavu, kisha usome bawa hivi. Lilaze juu ya karatasi nyeupe, upande wa juu ukikutazama. Likunjue taratibu hadi manyoya makubwa kumi ya nje yaonekane yote. Anzia unyoya wa nje kabisa ukihesabu kuelekea mwilini, na uandike ni manyoya mangapi yenye doa, na doa ni jeupe au la rangi iliyofifia. Shuka kwenye manyoya ya ndani, utazame kama ncha zake ni nyeupe. Weka rula kando ya bawa na upige picha kutoka juu kabisa, bila kuinamisha simu. Kisha fungua mkia na upige picha ya manyoya ya nje, juu na chini.

Ukimaliza, sogeza mzoga nje ya barabara ili wanyama wanaokula mizoga wasigongwe nao. Usiondoke na bawa wala unyoya. Kumiliki nyara bila kibali ni kosa chini ya Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya Tanzania ya mwaka 2009 na ile ya Kenya ya mwaka 2013. Picha na vipimo vinatosha. Mwenye kibali ataarifiwe mapema.

8. Anapolala na kutaga

Kirukanjia hajengi kiota. Jike hutaga yai moja au mawili juu ya ardhi tupu au majani makavu, na hukaa juu yake mchana kutwa bila kujitikisa. Mtu anaweza kupita hatua mbili kutoka alipo bila kumwona.

Watafiti waliofanya kazi kusini mwa Zambia, ambao matokeo yao yalichapishwa mwaka 2016 na 2017, walionyesha mambo mawili ambayo kila askari wa doria anapaswa kuyajua. La kwanza, viota vya virukanjia ambao manyoya yao yalifanana zaidi na ardhi iliyowazunguka vilinusurika zaidi. La pili, ndege mmoja mmoja huchagua mahali panapofanana na manyoya yake mwenyewe. Ndege aliyelala hapo amepachagua, na usalama wa mayai unategemea yeye kubaki juu yake.

Kumwinua ili mgeni apige picha ni kuyavua mayai ulinzi wao mbele ya kunguru, nyani na nguchiro, tena juani. Akiruka akajiburuta na kujifanya amevunjika bawa, maana yake yuko kwenye mayai au vifaranga. Simama papo hapo, tazama unapokanyaga, na urudi kwa njia uliyojia. Usiweke jiwe, kijiti wala utepe karibu kama alama. Chukua nukta ya GPS ukiwa umbali wa hatua kadhaa, na wasimamizi wa moto wa kuchoma nyasi au wa kufyeka kingo za barabara wapewe nukta hiyo kabla ya kazi kuanza.

9. Mbele ya wageni na wenyeji

Kanuni za kutembea usiku hutofautiana kati ya hifadhi na hifadhi. Katika nyingi, gari halitakiwi kuwa nje baada ya jua kuzama isipokuwa kwa kibali maalumu. Mwongozaji asivunje kanuni kwa ajili ya ndege. Kwa kawaida kirukanjia anasikika vizuri ukiwa kambini, na wageni wakizima taa na kunyamaza kwa dakika kumi watapata zaidi ya walichokuja kutafuta.

Usimmulike ndege machoni mfululizo. Mwanga uelekezwe pembeni yake, kwa muda mfupi, na upigaji picha kwa mwanga wa kamera uwe wa mara moja au mbili. Usichezeshe rekodi ya wimbo ili kumwita dume: ataacha kuwinda katika muda mfupi wa jioni anaoutegemea, aje kupambana na adui asiyekuwapo.

Vijijini, ndege wa usiku mara nyingi huhusishwa na uchawi na mikosi, na wapo virukanjia wanaopigwa mawe kwa sababu hiyo. Mzee akikueleza hofu yake, msikilize kwa heshima hadi amalize. Kisha mweleze kazi anayoifanya ndege huyu: hula nondo na mbawakawa wanaotoka mashambani, haingii ndani ya nyumba, hagusi mifugo wala kuku. Mwonyeshe picha mchana kweupe. Hofu ya kiumbe asiyeonekana hupungua anapoonekana.

10. Kuandika taarifa

Kila taarifa iwe na mambo haya:

a) Tarehe na saa. Chagua mfumo mmoja wa saa na uutaje. Saa 1:05 usiku ni 19:05 kwenye simu na kifaa cha GPS. Ukiandika "1:05" peke yake, atakayesoma ofisini ataelewa kwamba ni usiku wa manane, na taarifa nzima itapoteza maana.
b) Mahali: nukta ya GPS, jina la kijiji au kilima, na mwinuko kutoka usawa wa bahari.
c) Makazi: miombo, nyika ya miiba, miamba, majani ya bondeni, shamba, barabara.
d) Mwezi: mwandamo, nusu au mpevu, na kama mawingu yaliuziba.
e) Sauti: kundi gani kati ya manne, na kama imerekodiwa.
f) Alama tatu: doa la bawa, ukingo wa nyuma wa bawa, manyoya ya nje ya mkia.
g) Kiwango cha uhakika: hakika, huenda, au spishi haikutambuliwa.

"Hakika" itumike pale sauti imesikika vizuri, au alama zimeonekana na zinakubaliana na mahali na msimu. "Huenda" itumike pale ushahidi mmoja umekosekana. Taarifa zilizokamilika zinaweza kupelekwa kwa miradi ya ramani za ndege iliyopo, kama vile Tanzania Bird Atlas na Kenya Bird Map, pamoja na ofisi ya ikolojia ya hifadhi yako.

Msimamizi asimlaumu mfanyakazi kwa kuandika kwamba spishi haikutambuliwa. Taarifa ya namna hiyo, yenye saa, mahali na alama zilizoonekana, inaweza kukamilishwa na mtu mwingine miaka mitano baadaye. Jina lililokisiwa ili kumridhisha mgeni au kujaza fomu haliwezi kurekebishwa, kwa sababu hakuna atakayejua kwamba lilikisiwa. Litaingia kwenye ramani, na ramani ndiyo itakayotumika kuamua nguzo za umeme zisimikwe wapi na majani yachomwe lini. Ndege hawa hawana mtetezi mwingine zaidi ya kumbukumbu sahihi za watu wanaofanya kazi usiku, na kila fomu unayoijaza kwa ukweli ni sehemu ya utetezi huo.